Mbuzi wa Safari Iliyovunjika

Bismillah.

Raya mwanangu, assalaam aleikum. Nnajua nimekusalimu asubuhi na nitakusalimu tena ukirudi, lakini barua haianzi hivi hivi tu kama mtu aliyevamia nyumba ya watu. Umetoka baada ya adhuhuri kwenda uwanja wa barafu, kuchukua vile viatu vyako vya visu ulivyovipeleka kunolewa, na kuagana na watoto unaowafundisha. Umesema utarudi magharibi. Mimi nimekaa kwenye meza ya kulia, nimeiweka kando kofia nnayoishona, nimechukua daftari la baba yako na kalamu yake. Kesho alfajiri unaondoka hapa Muscat. Nna saa tatu nne, na kuandika kwangu unakujua, mwendo wa kobe.

Naandika Kiswahili cha skuli ya Unguja, cha darasa la nne, kwani ndicho pekee kilichoko mkononi mwangu. Kiarabu nnakisema, sikiandiki. Penye makosa pasamehe, upite.

Mambo ya soksi mbili mbili, ya dawa ya kifua, ya kupiga simu ukifika, nimeyasema wiki nzima mpaka jana ukaniambia, "Mama, hilo umeshaniambia mara saba, na moja katika hizo mie nilikuwa nimelala." Basi hayo yamekwisha. Nna jambo moja. Nimelikalia tangu mwaka wa korona, na sitaki upande ndege hulijui.

Jambo lenyewe ni la yule mbuzi.

Unamkumbuka? Yule mweusi mwenye doa jeupe pajani, aliyekaa uani kwetu siku mbili akamaliza mirihani yangu yote. Ilikuwa wiki ile skuli zimeshafungwa, watu bado wanatoka majumbani lakini wanatazamana kwa wasiwasi, kila mmoja anamwogopa mwenziwe akikohoa. Na wewe ndio kwanza umepata khabari kwamba mashindano hayapo. Yale mashindano ya wanawake ya nchi mbali mbali, kule Ulaya, ya kwanza kwa timu yenu. Jezi mlikuwa mmeshapewa. Yako ilikuwa nambari kumi na nne, uliitundika kwenye mlango wa kabati, nami kila nikiingia kukupangia nguo inanitazama.

Ulikuja jikoni na simu mkononi. Hukulia. Ulisema, "Mama, wamefuta."

Nikakuuliza, "Wamefuta nini?" na huku nnajua.

"Yote. Si sisi tu. Nchi zote. Hakuna anayekwenda."

Kisha ukafungua friji, ukasimama mbele yake muda mrefu, hukutoa kitu, ukaifunga. Nilikushika bega, nikasema inshallah kheri. Na moyoni mwangu, Raya, nilisema alhamdulillah. Haikuwa ile alhamdulillah ya mtu anayeustahamilia mtihani. Ilikuwa ya mtu aliyepewa alichokiomba.

Kwa sababu nilikuwa nimekiomba.

Mwezi mmoja nyuma ulikuja kutoka mazoezini na kidevu kimeshonwa nyuzi tano, damu imekauka kwenye ushungi, na unacheka. "Mama, ungemwona mwenzangu! Mie kidevu tu, yeye fimbo yake imekatika vipande viwili!" Ulikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuona kama mtoto wa miaka minne aliyeanguka ngazini. Siku ile ile shangazi yako akapiga simu, khabari imeshamfikia sijui kwa njia gani, akasema, "Zamzam, huyo mtoto mnamtafutia mume au mnampeleka vitani?" Nikacheka naye, kisha nikaikata simu nikakaa na hasira, sijui ya kumkasirikia yeye au wewe. Nilikuwa sijawahi kuuona huo mchezo wa hoki ya barafu. Nnachojua ni kile ulichonieleza: wasichana wanakimbia juu ya barafu na visu miguuni, wanakigombania kidude cheusi kama kopo la rangi ya viatu, na ukuta uko karibu. Na hayo yakafanywe ng'ambo, kwenye nchi ambayo hata hewa yake inauma.

Asubuhi yake, nimemaliza kuswali alfajiri, sijanyanyuka kwenye msala, nikaweka nadhiri.

Mie nimelelewa na wanawake wanaoweka nadhiri kama watu wengine wanavyotia sukari kwenye chai. Mtoto apone, mume arudi, binti afaulu. Sijapata kumsikia hata mmoja aliyeweka nadhiri ili jambo la mwanawe liharibike. Mie nikaiweka. Nilisema: Yarabi, safari hii ivunjike, na mwanangu asidhurike, nami nitachinja mbuzi niwagaie watu. Nilijiona hodari kwa kulitia lile neno la asidhurike. Nilidhani labda viza zitakataliwa, au uongozi wenu utagombana wenyewe kwa wenyewe. Kitu kidogo tu, watu wanune wiki moja, yaishe. Nikakutaja wewe peke yako. Watoto wa wenzangu sikuwataja.

Ikaja korona.

Sasa unajua, nadhiri ikishakubaliwa lazima uitoe, hata ikiwa umeiweka kwa ujinga. Ndiyo mbuzi akaja. Baba yako nilimwambia ni sadaka, Mungu atuepushe na maradhi, akasema vizuri. Wewe nilikwambia hivyo hivyo. Na nyama ya nadhiri, mwenye kuiweka haionji, wala walio chini ya mikono yake; ndivyo bibi yako alivyotufunza, na sisi hatukuuliza. Basi nikapika masufuria mawili makubwa ya pilau, nyumba inanukia mpaka getini, na sisi watu watatu mezani tuna samaki wa kukaanga na mkate. Baba yako akaitazama sahani yake. "Mama Raya, kwani hiyo pilau tumeikosea nini?"

Nikasema, "Sadaka hutolewa yote."

"Nani kasema?"

"Kula samaki."

Akala samaki. Lakini wewe, mwanangu, wewe ndiye uliyenimaliza. Ulivaa barakoa yako ukaanza kugawa. Sahani ya jirani yetu Bi Shawana, sahani ya nyumba ya kona, sahani ya wale mafundi wanaojenga pale nyuma. Kisha ukarudi jikoni ukasema, "Mama, nipakulie nyengine. Nnataka kumpelekea kocha wetu, leo alikuwa analia kwenye simu. Na wasichana wenzangu, nitawapitia kwa gari, nawawekea mlangoni."

Nilisimama na upawa mkononi. Ningeweza kusema pilau imekwisha. Ilikuwa bado nusu sufuria, unaiona kwa macho yako. Nikakupakulia. Sahani baada ya sahani, wewe unafunika na karatasi ya fedha na kuandika majina juu yake. Timu nzima ilikula, Raya. Ile timu iliyokosa safari ilikula nyama ya mtu aliyefurahi kuwa wamekosa, na wewe ndiye uliyewapelekea. Ukarudi jioni ukanibusu kichwani, ukaniambia, "Mama, wote wamesema Mungu akulipe."

Tangu siku ile, mtu akiniambia Mungu akulipe, nnashtuka kidogo.

Bi Shawana hapitwi na kitu, unamjua. Kesho yake alikuja kurudisha sahani. Akasimama nje ya geti, mie ndani, kila mmoja na kitambaa chake mdomoni.

"Pilau tamu," akasema. "Wewe umekula?"

"Nilikula samaki."

"Na mumeo?"

"Samaki."

"Na mtoto?"

Nikashika geti kutaka kulifunga. Akatikisa kichwa. "Zamzam, mie nimezaliwa Tabora lakini nimezaliwa na Waislamu. Sadaka mtu hula na watu wake. Hii ni nadhiri. Nadhiri ya nini, wakati dunia yote inaungua?"

Nikamwambia. Sijui kwa nini nilimwambia. Labda kwa vile tulisimama mbali, na mdomo wake siuoni, nikawa kama nnajisemea mwenyewe. Alipomaliza kusikiliza akasema, "Kwa hivyo huyo mtoto kabeba sahani za msiba wake mwenyewe." Nikaanza kulia. Akasema, "Usilie kwenye kitambaa, utashindwa kupumua. Mie simwambii mtu. Lakini usije ukafa nayo hiyo, ukaniachia mie kazi ya kumweleza."

Kila Idi ananiuliza, kwa jicho tu, na mie nnatazama pembeni. Jana alipokuja kukuaga, alipokukumbatia, alinitazama juu ya bega lako. Ndiyo maana leo nnaandika.

Siku zilizofuata unazikumbuka. Mtaa wa Hamriya ukafungwa, yule mzee aliyekuwa akizinunua kofia zangu akafa kwa ugonjwa ule ule na hatukuweza hata kwenda matangani. Mie kila khabari ikija ya mtu kufa nnahesabu ni yangu. Siku moja nikamwambia baba yako yote, nadhiri na kila kitu, nikamwambia mie ndiye niliyeleta. Alicheka mpaka akakaa chini. "Zamzam wa mtaa wa Bawshar! Uchina yote, Ulaya yote, Makka yenyewe, imefungwa kwa dua yako ya alfajiri? Basi kesho niombee na mie gari mpya." Kisha akaona kilio changu si cha mzaha, akaacha. Akakaa karibu yangu. Akasema, "Maradhi hukuyaleta wewe. Hilo liondoe kichwani. Lakini la Raya ni lako, hilo siwezi kukuondolea."

Na la Raya lilikuwa juu ya paa.

Uwanja ulikuwa umefungwa. Ulikwenda siku moja ukakuta mitambo imezimwa, ukanionesha picha kwenye simu: saruji tupu na maji machafu. "Barafu yenyewe ndiyo hii, mama." Basi ukapanda juu ya paa na vile viatu vya magurudumu, na fimbo, na mpira wa tenisi, ukaufanya ukuta wa tangi la maji ndiyo goli. Kuanzia alasiri mpaka magharibi. Mie chini nnashona kofia, nnasikia mpira: tu! tu! tu! Kila ukipiga najitoboa kidole. Nikakuita, "Raya, utatoboa tangi!" Ukajibu kutoka juu, "Basi tutaoga wote!" Nikacheka, na huku chozi linanitoka kwenye kitambaa cheupe cha watu.

Mwaka uliofuata wakasema mashindano yatakuwepo. Ukaitoa jezi, ukaifua, ukaitundika tena. Mara hii sikuomba kitu. Wallahi sikuomba. Nilifunga mdomo wangu kama mtu aliyekwenda kung'oa jino. Na ikavunjika vile vile. Kwanza wakasogeza mbele, kisha wakafuta. Hapo ndipo nilipoamini kweli kwamba korona haikunisikiliza mimi, ina kazi zake. Nilidhani nitapoa. Sikupoa. Kumbe kilichokuwa kikiniuma si kwamba niliombea mabaya. Ni kwamba nilifurahi. Dua mtu anaweza kuifuta kwa toba. Furaha ilishapita kwenye uso wangu pale jikoni, na mpaka leo sijui kama uliiona.

Nnalouliza hili nnalijua kwa undani, kwa sababu mie ya mama yangu niliiona.

Sijakwambia vizuri kwa nini sikusoma. Nimekuwa nikisema, "Zamani wasichana hawakusoma," na wewe ukaniamini. Si kweli. Wenzangu tuliokuja nao kutoka Unguja walisoma, na mmoja wao ni daktari hapa hapa Muscat. Mie nilikuja na miaka kumi na moja. Kule Unguja nilikuwa wa pili darasani, naandika barua za mtaa mzima. Kufika huku Kiarabu sikijui kukisoma, wakaniweka na watoto wa miaka saba. Magoti yangu hayaingii chini ya meza. Wale watoto wananisahihisha, "Si hivyo, khala." Wananiita khala, kama mama zao wadogo, Raya! Nikaanza kuumwa na tumbo. Kila asubuhi tumbo. Wiki ya tatu nikamwambia mama yangu siendi tena, na huku nnamwomba Mungu aseme utakwenda, nikuburure nisikuburure utakwenda. Hakusema. Uso wake ulifunguka kama dirisha. Alikuwa peke yake nchi ya watu, lugha haijui, mume yuko kazini mbali, Salala, na sasa amepata mtu wa kukaa naye. Akasema, "Basi mwanangu, kaa na mie, nikufunze kofia." Na akanipikia vitumbua.

Hakunifanyia ubaya. Alifurahi tu. Lakini mie niliiona ile furaha, nikaelewa kwamba nikikaa nnampa raha na nikienda nnamnyima, na mtoto wa miaka kumi na moja akishalielewa hilo amekwisha. Sikumlaumu. Nimemshonea kofia miaka na miaka mpaka alipofariki, Mungu amrehemu. Ila mara nyengine nikipita penye skuli mchana, watoto wanatoka, nnahisi magoti yananiuma.

Na baada ya kuyajua yote hayo, nikakufanyia yale yale. Kwa mbuzi na pilau.

Uwanja ulipofunguliwa, wewe ulikwenda siku ya kwanza. Mie ilinichukua miezi. Nilijitia shughuli, nikasema baridi itaniumiza viungo. Unakumbuka nilivyokuja? Abaya mbili na koti la baba yako juu, kama gunia la mchele lililotembea lenyewe. Ulinitazama kutoka katikati ya barafu ukakaribia kuanguka. Hukujua kilichonileta. Nilikuja kukwambia habari ya mbuzi, pale pale, mbele za watu, ili nisiweze kurudi nyuma.

Nikakaa kwenye benchi nikisubiri mmalize. Ndiyo nikakuona. Nilidhani nitaona vita. Niliona mtu anayejua anakokwenda. Unapiga kelele kwa lugha tatu, "Yalla! Ondoka hapo! Pita nyuma, pita nyuma!" na wasichana wanakusikia na wanapita. Mie ambaye nyumbani nnakuomba mara nne uondoe kikombe.

Baada ya mazoezi yenu walikuja watoto wadogo. Kuna mmoja, wa miaka sita hivi, aliteleza akakaa chini akaanza kulia kwa sauti ya kuita mji mzima. Mie nilishasimama kwenye benchi. Kama ningekuwa mimi ningelimbeba nikamtoa nje, nikamvua vile viatu, nikampeleka kwa mama yake, nikaona nimetenda wema. Wewe ulikwenda ukakaa chini. Kwenye barafu, karibu yake. Hukumshika. Mkakaa hivyo mnazungumza kama mmo barazani kwenu, sijui mlisema nini, yeye anafuta pua kwa glavu. Halafu akainuka mwenyewe, na wewe ukajifanya huwezi kuinuka, akakuvuta mkono.

Mama mmoja aliyekuwa karibu yangu akaniuliza kwa Kiarabu, "Yule mwalimu mrefu unamjua?"

Nikamwambia, "Binti yangu." Nikaongeza, hakuniuliza, "Nambari kumi na nne."

Siku ile sikukwambia kitu. Nilikwenda kwa ajili ya kusema, nikarudi nikiwa na furaha, na nikashindwa kuichafua. Nikasema kesho. Na wewe ukaja ukalalamika kwamba ushungi unateleza chini ya helmeti, unakuziba macho, nikaurukia huo ushungi kama mtu aliyepewa kazi ya kumwokoa. Nikakushonea ule mwembamba wa kubana, na mpira nyuma. Kisha wenzako wakautaka, nikawashonea wote. Unadhani ni mapenzi tu. Ni mapenzi, lakini kila mshono ulikuwa pia ni kukwepa kusema. Nimewashonea timu nzima shungi ili nisiwaambie habari ya nyama.

Sasa unakwenda. Mtacheza hayo mashindano, kisha wenzako watarudi na wewe utabaki, miaka miwili, usomee ukocha na kuchezea timu ya watu. Yale yaliyovunjika mara mbili hayakurudi kama yalivyokuwa, nnajua. Wanne katika wale wa mwanzo wameolewa wameacha, kocha yule amehama. Wewe ulingoja. Kila mtu alikwambia mambo ya korona yamekupita, tafuta kazi, na mie nikiwa mmoja wao, na wewe ukasema, "Nnayo kazi, nnangoja." Sijui umeipata wapi hiyo subira. Kwangu hukuitoa.

Nnalotaka kukwambia, si kwa kukuusia, kwani sina cheo cha kukuusia katika hili. Ni kama mtu aliyepita njia akaona shimo. Huko uendako utakutana na watu watakaokupenda, na baadhi yao watafurahi mambo yako yakiharibika, kwa sababu ukiharibikiwa utakaa karibu nao. Hawatakuwa wabaya. Watakupikia vitumbua. Usiwachukie, kula vitumbua vyao, useme ahsante. Kisha nenda.

Na mmoja wao nitakuwa mimi. Nitakupigia simu, nikisikia upepo wa huko kwenye sauti yako, nitalia. Najijua. Niache nilie. Usikate tiketi kwa ajili ya kilio changu, baba yako yupo, Bi Shawana yupo, nitanyamazishwa. Wakikuweka pamoja na watoto wadogo kwa sababu lugha yao huijui, kaa nao, magoti yatazoea. Mie sikuyapa nafasi.

Safari hii sikuweka nadhiri yoyote, Raya. Wala ya kushinda, wala ya kurudi salama. Nimeogopa tena kumwekea Mungu masharti. Nnakuombea tu, kila swala, na nnawataja wenzako wote kwa majina, na wale mtakaocheza nao pia, kwani nao wana mama zao wamekaa kwenye mabenchi.

Kawaida ni mtoto anayemwomba mzazi radhi kabla ya safari. Najua ulipanga uniombe leo baada ya isha, umevaa ile kanga yangu, mie nikushike kichwa nikusomee. Tutafanya hivyo. Radhi zangu unazo, nimeshakupa kabla hujafungua barua hii, na jibu lako lolote halizirudishi. Lakini kabla yake mie ndiye nnayekuomba. Nisamehe kwa nadhiri ile. Nisamehe kwa sahani zile. Na zaidi ya yote nisamehe kwa ile alhamdulillah, ikiwa uliiona usoni kwangu, na hata ikiwa hukuiona.

Nilipompigia simu mchana, Bi Shawana aliniambia niitie barua kwenye begi lako, uisome ndani ya ndege, hasira zikupande uko mbali, zishuke kabla hujafika. Nilikaribia kukubali. Halafu nikafikiri, hiyo nayo ni kama kuchinja mbuzi na kusema sadaka. Kwa hivyo siitii begini. Nitaiweka hapa hapa mezani, na mie nitakuwa jikoni. Ukitaka kuniuliza, uliza, nitajibu kila kitu. Ukitaka kupiga kelele, piga. Baba yako nimemwambia akae msikitini mpaka isha, na majirani wameshatuzoea. Ukitaka kwenda kuwaambia wenzako habari ya nyama ile, waambie, na namba yangu wanayo. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, lakini nyamaza humu ndani, ukiwa umekaa na mie.

Gari yako imeingia, nasikia unafunga geti. Unaimba. Mlango wa jikoni nimeuacha wazi.

Mama yako,
Zamzam